Kipya cha Sikukuu

Kumi la mwisho la Ramadhani lilipoingia, Wanu alikuwa na shughuli mbili kila siku. Ya kwanza ilikuwa kuvitoa viatu vyake vya sikukuu ndani ya boksi, kuvivaa, kutembea navyo juu ya mkeka kutoka mlangoni hadi dirishani, kisha kuvirudisha kama vilivyokuwa. Mama yake alimtania kwamba viatu hivyo vitachakaa kabla mwezi haujaandama. Shughuli ya pili ilikuwa kutoka kwao Mpendae kwenda Mkunazini, katika Mji Mkongwe, kumsaidia shangazi yake, Bi Nadra.

Bi Nadra alikuwa fundi wa kompyuta, na fundi kweli kweli. Kompyuta iliyomwagikiwa chai, simu iliyotumbukia ndooni, televisheni iliyogoma kuwaka baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, zote zilipita mikononi mwake. Hakuwa na pupa wala makelele. Alikaa, akatazama, akauliza, ndipo akashika bisibisi. Wanu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliona hakuna mtu hodari kama shangazi yake Unguja nzima, na mwenye kubisha angelikutana na Wanu mwenyewe.

Mwaka huo mezani kwa Bi Nadra palikuwa na kitu cha ajabu: miwani ya uhalisia pepe. Ilikuwa nene na nyeusi, imeungwa kwa waya kwenye kompyuta kubwa. Ukiivaa, chumba chote hupotea, ukajikuta pahala pengine. Ukigeuza kichwa, na pahala pale hugeuka nawe. Miwani hiyo ilikuwa ya kuazima kutoka chuo kimoja kule Tunguu, na Idi ikimalizika ilitakiwa irudi kwa wenyewe.

Bi Nadra na Sabri, mwanafunzi wa chuo hicho, walikuwa wametengeneza mchezo wa kuchuma karafuu. Mwalimu wao alikuwa Babu Silima, baba yake Bi Nadra na babu yake Wanu. Babu alichuma karafuu Kizimbani tangu ujanani mpaka siku alipoanguka akavunjika nyonga. Tangu hapo alitembea kwa mkongojo, na mikarafuu aliitazama kwa chini tu.

"Natamani nipande mara moja tu," alikuwa akisema. "Nilione shamba kwa juu, basi."

Bi Nadra alimwahidi kwamba Idi mosi atapanda. Babu alikwisha kushona kanzu mpya kwa ajili ya safari hiyo.

Pembeni mwa meza ya kompyuta palining'inia daftari, limefungwa kwa uzi. Kila Bi Nadra alipobadilisha kitu, hata kijiwaya, aliandika siku, saa, alichobadilisha, na kama miwani ilifanya kazi baada ya hapo. Wanu aliona kichekesho.

"Shangazi, kompyuta inakumbuka kila kitu, nawe unaiandikia daftari?"

"Na siku ikizimika, mwanangu, atanikumbusha nani?" alijibu Bi Nadra, akaendelea kuandika.

Siku ya Ramadhani ishirini na tisa, Bi Nadra alitoka kwenda Darajani kununua tende na vitu vya futari. "Fagia, tandika mkeka mpya, tundika pazia jipya," alimwambia Wanu. "Kompyuta ifute vumbi tu. Usiguse jengine."

Wanu alifanya kazi kwa moyo, ingawa saumu ilikuwa imemkausha koo. Alifagia, akatandika, akatundika. Alipokuwa akifuta kioo cha kompyuta, akaona kidirisha kimejitokeza: "Draiva mpya ya kadi ya picha iko tayari. Iwekwe sasa?"

Alisimama na kitambaa mkononi. Pazia jipya, mkeka mpya, kanzu ya Babu mpya, viatu vyake vipya. Tangu azaliwe alijua kwamba sikukuu ni kipya. Sasa kompyuta peke yake ndiyo iingie Idi na vya zamani? Alibonyeza "Ndiyo."

Kioo kilizima, kikawaka, kikazima tena, kikawaka. Wanu akatabasamu. Akaivaa miwani ili awe wa kwanza kuiona kompyuta ilivyopendeza.

Kwanza mkarafuu ulitokea, lakini ulikuwa ukitetema. Aligeuza kichwa kulia, mti ukakawia, kisha ukaruka kumfuata. Tumbo likamchafuka, na kichefuchefu na saumu si marafiki. Kisha kiza. Aliivua, akaona kioo cha kompyuta kinang'aa vizuri kabisa. Akaivaa tena: kiza kitupu. Alizima kompyuta na kuiwasha mara tatu. Alisoma kila dua aliyoijua. Miwani haikuonesha kitu.

Hapo hofu ikamwingia, na hofu ni mshauri mbaya. Ilimnong'oneza kwamba asubuhi umeme ulikatika, na umeme hauna mdomo wa kujitetea.

Bi Nadra alirudi pamoja na Sabri, aliyekuja kuujaribu mchezo mara ya mwisho. Sabri aliivaa miwani, akaivua upesi.

"Bi Nadra, mbona kiza?"

Bi Nadra alikagua waya mmoja mmoja. Akalifungua daftari. Mstari wa mwisho ulikuwa wa jana: "Matawi mapya ya Sabri yametiwa. Miwani sawa."

"Wanu, kuna kitu chochote kilichobadilika hapa?"

"Hapana, Shangazi," alisema Wanu, na sauti yake mwenyewe ikamtia aibu. "Labda umeme."

Sabri alishika kichwa. "Basi ni mimi. Yale matawi yanayoinama ni mazito, yameielemea kompyuta. Nnayaondoa."

"Ramadhani nzima umeyafanyia kazi," alisema Bi Nadra.

"Bora Babu apande mti usioinama kuliko asipande kabisa." Sabri alikaa, akaanza kuyaondoa, tawi baada ya tawi. Hakulalamika. Ila kila alipobonyeza alivuta pumzi kidogo, na Wanu alizisikia pumzi zote.

Alilitazama daftari lililoachwa wazi. Chini ya mstari wa jana palikuwa na mstari mtupu. Alijua ni wa nani. Alimwona Babu katika kanzu mpya, anavishwa miwani na kuambulia kiza, na Sabri anajilaumu kwa kosa asilolitenda. Machozi yakamtoka kabla ya maneno.

"Kaka Sabri, acha! Usiondoe! Ni mimi. Kilitokea kidirisha, nikabonyeza. Nilitaka na kompyuta iwe na kipya cha sikukuu. Nimesema uongo, Shangazi. Nisamehe."

Bi Nadra alilivuta daftari mbele ya Wanu.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Naam?"

"Ulibonyeza saa ngapi? Na kidirisha kilisemaje?"

Wanu alieleza kila kitu, hata kile kichefuchefu. Bi Nadra alimpa kalamu. "Andika. Mstari huo ni wako."

Wanu aliandika. Bi Nadra akamwelewesha kwa upole: "Kadi ya picha ndiyo inayochora unachokiona. Draiva ni programu inayoielekeza ichore vipi. Hiyo mpya huenda ni nzuri kwa kompyuta nyengine, lakini na miwani yetu haikuelewana. Sasa tuirudishe ile iliyoelewana nayo."

Alifunua daftari nyuma, mpaka mwezi wa Shaabani. Pale paliandikwa namba ya draiva ya zamani, na kando yake: "Nakala ipo kwenye flashi nyekundu." Wanu hakucheka safari hii. Alikimbia kuitafuta flashi nyekundu.

Bi Nadra aliiondoa draiva mpya, akaweka ya zamani, akawasha upya kompyuta. Sabri akaivaa miwani. Kiza vile vile! Bi Nadra hakubadilika hata uso. Alisoma kwenye kioo, akatikisa kichwa.

"Janja hii draiva. Tumeitoa kwa mlango, imerudi kwa dirisha. Kompyuta imekwenda mtandaoni ikaichukua ile mpya tena."

Alichomoa waya wa mtandao, akaizuia kompyuta isijibadilishe peke yake, akaanza kazi upya tangu mwanzo, kwa utulivu ule ule. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Walikula tende, wakanywa maji, na Wanu alikuwa hajapata kuonja tende yenye wasiwasi namna ile. Walipomaliza kusali, Sabri aliivaa miwani, akanyoosha mkono hewani, akavuta taratibu.

"Linainama!" alipiga kelele. "Tawi linainama!"

Yale matawi machache aliyoyaondoa aliyarudisha usiku ule ule, na mwezi ukaandama.

Siku ya pili, baada ya sala ya Idi, Babu Silima alifika na kanzu yake nyeupe. Wanu alimbusu mkono. "Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wapi huo mkarafuu wenu?"

Walimkalisha kwenye kiti, wakamvika miwani, wakampa vishikio viwili mikononi. Babu akageuza kichwa huku na huku. Kisha akaanza kupanda, mkono mmoja baada ya mwengine.

"Hapa kushoto pana tawi limeoza. Kakwambieni nani?"

"Wewe mwenyewe, Babu," alisema Sabri.

"Naliona bati la nyumba yetu. Lahaula! Hata ile kutu yake." Alinyoosha mkono, akavuta tawi, nalo likainama kumfuata. "Taratibu," alijisemesha mwenyewe, kama aliyezoea kuwafunza vijana. "Mkarafuu hauvutwi kwa nguvu. Unaubembeleza."

Aliendelea muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Alipoivua miwani, macho yake yalikuwa na maji, naye hakuyaficha. "Nshapanda," alisema. "Nshapanda, Nadra. Mungu akulipe kheri."

Wanu hakuweza kuvumilia. Akamweleza Babu kosa lake la jana lote, bila ya kuficha hata uongo alioutia ndani yake. Babu alimkumbatia tu. Bi Nadra ndiye aliyesema.

"Wanu, viatu ulivyovaa leo vinakubana?"

"Havinibani, Shangazi. Nilivijaribu wiki nzima."

"Ndivyo. Kipya si kibaya, mwanangu. Kibaya ni kukivaa kwa mara ya kwanza siku ambayo watu wanakutegemea. Kipya hujaribiwa mapema, na cha zamani huwekwa akiba mpaka ujue. Hilo ni la kompyuta." Alimshika bega. "Na hili ni la moyo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ungelinyamaza, ningelitafuta ugonjwa pasipo na ugonjwa mpaka leo, Sabri angelimaliza kung'oa matawi yake, na Babu angelirudi Kizimbani na kiza chake. Daftari lilinionesha dawa. Lakini aliyenionesha ugonjwa ni wewe, na mwenye uthubutu wa kusema 'ni mimi' ndiye ninayemtaka karibu na mashine zangu."

Akalichukua daftari, akampa kalamu. "Andika ya leo."

Wanu alipiga goti katika viatu vyake vipya, akaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: "Idi mosi, saa nne asubuhi. Hakuna kilichobadilishwa. Miwani sawa. Babu amepanda."