Mwito wa Tatu

Heimi alikuwa amelala kizimbani, mdomo umefumbwa, lakini kinasa sauti kilionyesha kwamba analia.

"Dada Swalha, umewasha spika?" aliuliza Godson.

"Sijagusa kitu."

Walikuwa wawili maabarani, katika chuo kimoja cha Guangzhou: Swalha Vuai Makame wa Makunduchi, mwanafunzi wa uzamivu, na Godson Mlay wa Marangu, fundi wa mitambo. Walichunguza kama mbwa anaweza kujifunza sauti asiyozaliwa nayo. Kila zamu spika ililia mara tatu. Mbwa akiiga, alipewa kipande cha ini la kuku. Milio ya mashine haikumshughulisha Heimi, mbwa mweusi. Ndipo Swalha akaweka sauti yake mwenyewe, akimwita bintiye wa miaka sita aliyemwacha kwa bibi yake: "Zainabuuu!" Wiki ya sita, Heimi alikuwa akiivuta vilevile.

"Huyu keshakuwa mtu wa Makunduchi," Godson alizoea kutania. Leo alinusa hewa. "Nani kafukiza udi?"

Ndipo sauti ikatoka kwenye kizimba, safi, yenye herufi zote.

"Zainabuuu!"

Mdomo wa Heimi haukufunguka.

"Zainabuuu!"

"Tutoke, dada," Godson alinong'ona.

Swalha hakuweza kuinua mguu, kwa maana kwao mtoto hufundishwa asiitikie sauti ya mtu asiyemwona mpaka aitwe mara ya tatu, kwani jini huita mara moja, huita mara mbili, wala hafiki ya tatu, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Zainabu hivyo, mlangoni kwa nyuma, amemshika sikio, na sasa akaikumbuka ile mashine aliyoitega kwa mkono wake, tatu, tatu, tatu, wiki sita nzima.

"Zainabuuu!"

Kimya. Heimi akafumbua macho, akatikisa mkia, akingoja ini lake.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Makunduchi, saa sita, jua la utosi. Swalha akapiga simu.

"Mwanangu!" Bi Muzdalifa, mama yake, alicheka. "Mbona hukusema kama waja?"

"Nani kaja, mama?"

"Si wewe uliyekuwa ukiita huko nyuma ya nyumba? Mara ya kwanza nikamshika mkono. Ya pili nikamshika. Ya tatu nikamwachia, kaitika 'Abee, mama!' katoka mbio."

Kicheko kikakatika.

"Swalha? Wewe uko wapi?"