Gonga Mara Mbili, Lowell

Jumapili hiyo Ardis Tollefson alirudi kutoka kanisani akakuta madirisha yameota barafu kwa ndani. Nje baridi ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri, na mtambo wa kupasha nyumba joto ulikuwa kimya. Akampigia simu Verlyn, fundi wa mji.

Verlyn alivua buti mlangoni, akashuka chumba cha chini, ulipo mtambo, na testa yake ya kupimia umeme.

"Mama, mtambo haupati umeme hata chembe!" alipaza sauti. "Fyuzi nzima, swichi kuu iko sawa, kifuniko cha mtambo kimekaa vizuri!"

Alipopanda akaiona swichi nyekundu ya mtambo juu ya ngazi, jirani na ya taa. Imezimwa.

"Si hii hapa! Umeizima ukidhani ni ya taa. Nusu ya mji huu huniita kwa kosa hilihili."

"Sijaigusa," Ardis alisema kwa sauti ndogo. "Tangu Novemba sijaigusa."

Verlyn akacheka, akaiwasha. Mtambo ukanguruma chini. Hajamaliza kuvaa buti la pili, swichi ikalia *tak*, ikajizima yenyewe mbele ya macho yao, na kutoka gizani kule chini ikapanda harufu ya ngozi iliyoungua, ikapita kidato kwa kidato kama mtu aliyechoka, ikawafikia, ikasimama katikati yao.

"Nini hicho?" Verlyn alinong'ona.

"Lowell."

Mji mzima ulijua kwamba Lowell, mumewe, alipigwa na umeme akafa akiutengeneza mtambo huo. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na Ardis alikuwa ameibeba miezi miwili mpaka imemkondesha.

"Miaka arobaini tulikuwa na desturi yetu," alisema. "Akizima swichi afanye kazi, siiwashi mpaka nimuulize, naye anijibu kwa kugonga bomba. Mara moja, bado. Mara mbili, washa. Siku ile nilitoka kanisani nimeshika sufuria kwa mikono miwili. Nikabonyeza kwa kiwiko nipate taa ya ngazi. Nikabonyeza hii." Machozi yakamtoka. "Polisi niliwaambia nimeikuta imewashwa. Mimi ndiye niliyemuua, Verlyn."

Verlyn aliivuta kofia yake mpaka masikioni.

"Twende kwangu, mama. Utaganda humu. Nitamwita mchungaji aje aombe, huyu aondoke."

"Aende wapi? Yeye bado yuko kazini. Anazima kwa sababu anaogopa nitawasha tena."

Hakukubali kuondoka. Verlyn akakimbia peke yake kumfuata mchungaji, na mlio wa gari lake ukapotelea kwenye theluji.

Ardis akaweka kidole kwenye swichi. Akauliza, kama alivyopaswa kuuliza siku ile.

"Lowell! Niwashe?"

Kimya. Kisha, kule chini, bomba likalia. *Ngo.*

Akasubiri pigo la pili. Alisubiri huku pumzi yake ikitoka nyeupe, huku vidole vikifa ganzi, huku nyumba nzima ikilialia kwa baridi. Halikuja. Akaondoa kidole.

"Haya, mzee wangu," alisema. "Safari hii sina haraka."

Akafunga vifungo vya koti, akaketi kwenye kidato cha juu, mikono akaificha kwapani isije ikaigusa swichi, akamsubiri mumewe amalize.