Samaki Mwekundu wa Haika

Kila jioni, akishamaliza kazi za shule na kuosha vyombo, Haika alijilaza kitandani na simu ya mama yake, akamtazama mzee mmoja wa Marekani akivua samaki wekundu baharini. Haika alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, akiishi Thamesmead, Landani, na maishani mwake hakuwahi kushika fimbo ya kuvulia. Hata wazazi wake, watu wa Moshi, samaki walimjua akiwa ameshakaangwa. Lakini Haika aliyajua maneno yote: chambo, chubwi ya kuzamisha ndoano, chelezo cha kuelea juu ya maji. Kuyajua maneno kulimvimbisha kichwa.

Ndiyo maana alimwambia rafiki yake Emma kwamba huko Tanga, kwa mjomba wake, aliwahi kumvua samaki mwekundu mrefu kama yeye mwenyewe. Emma, mtoto wa Kikenya wa ghorofa ya chini, aliamini. Familia yake ilikuwa inahamia Scotland, na Jumamosi yake ya mwisho klabu ya vijana ingewapeleka watoto Southend, mji wa pwani, kuvua.

"Nataka nipate samaki mmoja tu kabla ya kuhama," Emma alisema. "Nifundishe wewe."

Siku ikafika. Kwenye gati, mama mzee wa Kihindi aliyeitwa Usha, msimamizi wa uvuvi, aliwagawia watoto fimbo, moja kwa kila wawili. Alipoanza kueleza habari za ndoano, Haika alimvuta Emma pembeni.

"Hayo nayajua," alinong'ona kwa Kiswahili, lugha waliyoitumia kila walipotaka watu wasiwasikie. "Chelezo kikizama, vuta kwa nguvu zako zote. Ndivyo nilivyofanya Tanga."

Chelezo kikazama. Emma akavuta kwa nguvu. Ndoano ikapanda juu tupu, chambo kimeliwa. Wakaweka kipande kingine cha kamba wa baharini, kikaliwa vilevile. Haika akasogeza chubwi, akashusha chelezo, akahama upande. Wenzao walikuwa wanapata samaki, wao wanalisha tu. Haika alichanganyikiwa. Kila kitu alikifanya kama yule mzee wa Marekani, sasa kosa liko wapi?

"Kwani Tanga ilikuwaje?" Emma aliuliza.

"Huko maji ni ya moto," Haika alijibu, naye mwenyewe hakuelewa alichokisema.

Jua lilipoanza kushuka, walitangaziwa kwamba basi litaondoka muda si mrefu. Emma aliiegemeza fimbo ukingoni, machozi yakimlengalenga.

"Basi, mimi sina bahati," alisema.

Maneno hayo yalimchoma Haika. Mwenzake alikuwa anajilaumu kwa kosa lisilo lake. Alimwendea Usha, akaanza kubabaika kwa Kiingereza.

"Sema tu Kiswahili, mwanangu," Usha alimwambia. "Mimi mzaliwa wa Mombasa."

Haika alitamani gati lipasuke limmeze. Alilopata kusema ni moja tu. "Shikamoo."

"Marahaba. Na yule samaki wa Tanga, hajambo?"

"Hakuna samaki, bibi. Sijawahi kuvua."

"Usiniambie mimi. Mwambie aliyekuamini."

Haika alirudi kwa Emma, Usha akimfuata nyuma, akayasema yote, hata habari za yule mzee wa kwenye simu. Emma akamgeukia.

"Kwa hiyo si bahati yangu mbaya?"

"Si bahati yako. Ni mimi."

Usha aliiinua ndoano yao. Ncha yake ilikuwa imejikunja kuelekea ndani. "Huyo mzee wa kwenye simu hutumia ndoano ya kawaida, ile usipoishtua haikamati," alisema. "Hii ukiivuta ghafla inamchomoka samaki mdomoni. Mwache ale, ageuke aende zake, itamshika yenyewe pembeni mwa mdomo. Wewe kunja huu mshipi wa ndoano polepole."

"Na wale wekundu?" Haika aliuliza.

"Wako kwao Marekani. Hapa hawapo."

Chelezo kikazama kwa mara ya mwisho. Haika aliziba mdomo kwa viganja asije akapiga kelele, "Vuta!" Emma akasubiri hadi mshipi ukakaza. Akakunja polepole. Akatokea samaki mwenye rangi ya fedha, anarukaruka. Alikuwa mdogo, chini ya kipimo kinachoruhusiwa, kwa hiyo Emma alimshika kidogo kwa mikono iliyolowa, akapigwa picha, kisha samaki akarudishwa majini. Emma hakuacha kutabasamu.

Wakielekea kwenye basi, Usha alimshika Haika bega. "Kutojua si aibu, mwanangu. Mimi pia mengi siyajui, nami huuliza. Lakini ukijifanya unajua, wa kwanza kuumia ni yule aliyekuamini."

Ndani ya basi, Emma alikuwa ameketi peke yake. Haika alisimama karibu naye, hajui kama anaruhusiwa kukaa.

"Kwani Tanga kwenyewe umewahi kufika?" Emma aliuliza.

"Sijafika."

Emma alimkazia macho, kisha akaangua kicheko, akasogea kumpisha kiti.