Mheshimiwa Amenenepa

Tabibu-kiganja alitoa mikono yake sita, kila mmoja mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga, akaanza kumshona samaki.

Mashine yenyewe haikuzidi ukubwa wa kobe mdogo. Kila nyumba ya Tanga Mpya ilikuwa nayo, imebandikwa ukutani jikoni karibu na swichi ya taa, na kazi yake ilikuwa kutibu watu: kuziba jeraha, kuunga mfupa, kung'oa jino bovu huku mwenye jino akiendelea na mazungumzo yake. Samaki hawakuwamo katika orodha ya wagonjwa. Ndiyo maana Mzee Semkiwa, fundi lifti mstaafu, aliyewahi kuwaaminisha wakazi wa jengo zima la ghorofa thelathini kwamba lifti yao hupanda kwa kasi zaidi ikisifiwa, ilimbidi adanganye kidogo.

"Jina la mgonjwa?" aliuliza Tabibu.

"Mheshimiwa Semkiwa."

"Umri?"

"Miaka kumi na miwili."

"Uzito?"

Mzee alikohoa. "Gramu mia na themanini."

Tabibu alimpima tena. "Mzee, mtoto huyu amekonda."

"Ndivyo tulivyo ukoo mzima."

"Na ana mkia."

"Usimwaibishe, bwana wee. Mshone!"

Akamshona. Uzi wake ulikuwa wa utando uliofumwa maabara, wenye kuyeyuka wenyewe nyama ikishashikana, na kazi yote ilichukua dakika nne. Mkewe, Bi. Mwanamkasi, alikuwa amemshika samaki kwa kitambaa kibichi, akisoma dua.

Mheshimiwa alikuwa samaki wa dhahabu, mnene. Jina alipewa na Rukaya, binti yao wa pekee, kwa sababu ya kitambi chake na tabia ya kufungua mdomo kutwa bila kutoa neno la maana. Rukaya alimnunua akiwa mwanafunzi. Alipopata kazi katika machimbo ya Mwezini, alimwacha kwa wazazi wake kama mtu anavyoacha amana. "Baba, nikirudi nimkute," alisema pale kituo cha roketi, na mzee akaapa.

Ilikuwa miaka sita sasa. Mkataba wa Rukaya ulikuwa umeongezwa mara tatu. Lakini safari hii shirika la machimbo lilikuwa limeandika barua: anarudi, zimebaki siku ishirini.

Na katika siku ishirini hizo ndipo konokono-chuma alipofanya vituko. Konokono-chuma ni kidude cha kukwangua ukoga kwenye kioo cha tangi, nacho hutembea polepole ili samaki awahi kukipisha. Semkiwa alikiona kivivu. Akakifungua kwa bisibisi, akakiongezea mwendo, akajisifu. Jumatano asubuhi kikambana Mheshimiwa kwenye kona ya kioo, kikampasua pezi la ubavuni na kumbandua magamba urefu wa kidole gumba.

"Nimemaliza kushona," alisema Tabibu. "Sasa sikilizeni. Mgonjwa akae peke yake kwenye beseni, pasipo na mwanga mkali. Leo asile. Atiliwe chumvi kidogo. Na maji yasiwe ya bomba."

Maji ya bomba ya Tanga Mpya yalikuwa yale yale yakizunguka: yanatoka jikoni na bafuni, yanachujwa, yanatiwa dawa saba, na siku ya nne yanarudi bombani. Binadamu alikuwa ameyazoea. Lakini samaki hupumua kwa matamvua, vile vikunjo vyekundu vilivyo nyuma ya mashavu yake, na dawa zile, ambazo tangini huondolewa na chujio, zingemuunguza huko ndani.

"Yapo ya mtungi," Bi. Mwanamkasi alisema haraka. "Ya mvua. Nayakinga mwenyewe kibarazani."

"Yametiwa kitu chochote?"

Mume na mke walitazamana, wakacheka.

"Kitu gani?" alisema Semkiwa. "Mvua, udongo wa mtungi, basi."

"Hayajatiwa kitu, mwanangu," Bi. Mwanamkasi alithibitisha. "Hayo ndiyo maji."

Jumatano ikapita, Mheshimiwa akielea kwa upande mmoja kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Semkiwa aliburuta kiti hadi kwenye beseni, akamsimulia namna alivyotengeneza lifti iliyokuwa imemmeza mwanasheria. Alhamisi mchana samaki alitikisa mkia mara mbili.

"Amekuitikia!" alisema Bi. Mwanamkasi.

"Amechoka na uongo wangu, anataka kuondoka."

"Mwache akiondoka, mradi awe mzima."

Jioni ile, kwa mapenzi, Bi. Mwanamkasi alimwaga maji ya beseni na kumtilia mengine, mapya kabisa, yaliyotoka mtungini muda ule ule. Ijumaa alfajiri walimkuta tumbo juu.

Tabibu-kiganja alimchunguza kwa mkono mmoja tu. "Mshono ulikuwa unashika," alisema. "Matamvua yamegandwa na mafuta ya ubani."

"Ubani gani?" Bi. Mwanamkasi aliuliza, kisha akaweka mkono mdomoni.

Kila Alhamisi, kama mama yake na bibi yake walivyofanya, alikausha mtungi, akaufunika juu ya chetezo chenye ubani, akauacha ujae moshi mpaka udongo ukolee, ndipo akamimina maji. Yale ya Jumatano yalikuwa yamekaa wiki nzima, ubani ukafifia. Maji ya nyumba ile yalinukia hivyo tangu walipooana. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Katika akili zao ubani haukuwa kitu kinachotiwa majini. Maji ndivyo yalivyokuwa, na yale mengine ya watu wengine ndiyo yaliyopungukiwa.

"Niliwauliza," alisema Tabibu, bila ukali. Mashine hazina ukali. Ingekuwa nafuu kama angewafokea.

Walimzika Mheshimiwa ndani ya chungu cha mrehani pale kibarazani. Kisha wakakumbuka kwamba ni Ijumaa, na Rukaya hupiga simu-kioo saa kumi kamili, na neno lake la kwanza baada ya salamu ni samaki.

"Nitachonga karoti," alisema Bi. Mwanamkasi. Hakuwa anatania. Alikuwa ameshaimenya. "Tukiitundika kwa uzi, kwa mbali haionekani tofauti. Siku chache tu, mume wangu. Akifika ndiyo tumwambie, akiwa mapajani kwangu."

Semkiwa aliitazama ile karoti. Maisha yake yote hakuwahi kukutana na uongo mzuri akaukataa.

"Huyu simdanganyi," alisema. "Nimeua amana yake. Acha aone tangi tupu, anilaumu, aniite muuaji. Nitamwambia mwenyewe."

Wakajaza tangi maji safi, wakawasha taa yake, wakakaa, Bi. Mwanamkasi na kikombe cha chai mkononi. Saa kumi kamili ukuta wa sebule ukang'aa, na Rukaya akatokea na fulana ya kazini, nyuma yake vumbi la kijivu na anga jeusi.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," waliitikia pamoja.

Kama kawaida, jibu lilichelewa sekunde mbili na nusu, muda wa sauti kwenda Mwezini na kurudi. Semkiwa alitumia sekunde hizo kujipangusa jasho.

"Na Mheshimiwa, hajambo?"

Mzee alisogea pembeni ili tangi lionekane lote. Akafungua mdomo aungame.

"Ah, namwona!" Rukaya akacheka, lile cheko lake la kupandia juu. "Amenenepa, baba! Mnamlisha nini?"

Maji yalikuwa matulivu. Hata povu halikuwamo.

"Unamwona?" Semkiwa aliuliza.

"Namwona. Anakupungia mkia huyo, nyuma yako."

Bi. Mwanamkasi aligeuka kutazama, masikini, kana kwamba huenda kweli. Semkiwa hakugeuka. Akakumbuka kwamba miaka ya mwanzo haikupita Ijumaa bila Rukaya kuyalilia maji ya mtungi. Kwamba huko juu wanakunywa maji yaliyokufa, kwamba akifika tu atakunywa kata tatu kabla hajavua viatu. Alikuwa ameacha kulilia lini? Mwaka jana? Mwaka juzi? Hakuweza kukumbuka.

"Rukaya," alisema polepole, "maji ya mtungi wa mama yako yana ladha gani?"

Sekunde moja. Mbili. Na nusu.

"Maji safi hayana ladha wala harufu, baba," alisema Rukaya, akitabasamu.

Kikombe kilimtoka Bi. Mwanamkasi, kikavunjika sakafuni.

Uso ulikuwa wa Rukaya, na sauti, na cheko. Hata kule kuchelewa shirika lilikuwa limeigiza. Ilikuwa mashine iliyofundishwa Ijumaa zake zote, na kwa kuwa kila Ijumaa samaki alikuwapo, ilisema yupo. Rukaya mwenyewe yuko wapi, na tangu lini, na chini ya jiwe gani, hakuna kwenye kioo aliyefundishwa kujibu hilo. Siku zile zingegeuka nyongeza ya nne ya mkataba, na barua nyingine nzuri.

Semkiwa aliinuka, mkono ukaelekea kwenye swichi.

"Usizime."

Alimtazama mkewe. Bi. Mwanamkasi alikuwa amepiga magoti katikati ya vigae vya kikombe, macho ukutani, uso umelowa.

"Mwanamkasi wangu, si yeye."

"Najua si yeye. Nimesikia. Mwache amalize kusema."

Mzee alisimama na mkono wake hewani, kisha akaushusha. Pale ukutani sauti ya binti yao iliendelea kusimulia habari za vumbi, za rafiki yake anayekoroma, za zawadi atakayowaletea. Ilipoaga, wote wawili waliitikia.

Ijumaa iliyofuata, saa kumi kasorobo, Semkiwa alimkuta mkewe sebuleni, mikono imezama kwenye tangi hadi viwikoni. Alikuwa anambadilishia Mheshimiwa maji.