Nyimbo Tano za Maombolezo

Haya yalimpata rafiki yangu Honorine, muuza vitenge wa mji wa Kamembe, kando ya ziwa, ambaye watu humjua kwa sauti yake kanisani. Mchana mmoja alipanda kilima cha Mibirizi, nyumbani kwa mtunzi wa muziki, Mzee Birindwa, kujifunza nyimbo tano ambazo mzee huyo alikuwa ameitungia orkestra, maneno yake yakitoka katika kitabu cha Maombolezo. Mzee alizitunga ili binti yake, Larissa, aziimbe, lakini Larissa akazama ziwani na mwili haukuonekana. Orkestra ilitaka mwimbaji mwingine, la sivyo ingeacha kazi hiyo.

Honorine aliweka simu irekodi, wakaanza. Mvua ikashuka, umeme ukakatika, chumba kikawa giza tupu. Mzee hakuacha kupiga kinanda chake kisichohitaji umeme. Kabla ya kila mstari, nyuma kabisa ya shingo ya Honorine, mtu alivuta pumzi ndefu, kama mwimbaji anayejiandaa.

"Papa, ni nani iko nyuma yangu?"

"Endelea, mwanangu," Mzee alisema huku akilia. "Ukinyamaza, atakwenda."

Honorine aliimba mpaka mwisho. Umeme uliporudi, walikuwa wawili tu.

Honorine hakurudi tena. Onyesho la nyimbo hizo likafutwa, na Mzee akafariki mwezi huohuo akimngoja.

Siku ya mazishi ndipo Honorine alipothubutu kusikiliza kilichorekodiwa kwenye simu. Kinanda kilisikika, na mvua juu ya mabati, na ile pumzi kabla ya kila mstari. Sauti ya Honorine haikuwemo kabisa.