Mama, Nigeuze

"Mama, nigeuze."

Mwasiti akainuka chap. Halafu akaganda. Mdomo wa Nadhira ulikuwa umefungwa. Mtoto wa miaka sita, kazaliwa na tundu kwenye moyo, kalalia ubavu wa kushoto, mpira wa oksijeni puani. Sauti ilikuwa yake, ila ilitokea chini ya kitanda.

Asubuhi alikohoa damu, ikatapakaa beseni zima. Sista Sekela akamwambia Mwasiti na mama mkwe wake kabla hajakimbilia damu ya kumwongezea: "Pafu la kushoto ndo linavuja. Alalie hukohuko. Mkimgeuza, damu inamwagikia la kulia, anazama." Dominiko, baba aliyetoka Mtowisa, kitanda cha jirani, naye aliambiwa hivyohivyo. Mwanae ana ugonjwa uleule.

Mchana kweupe, upepo unagonga mabati, wodi ikaanza kunuka misumari iliyolowa.

"Mama, mbavu zinauma. Nigeuze."

"Mgeuze mtoto, we Mwasiti!" Bi Shamimu, mama mkwe, alinong'ona, mikono ishafika kwenye shuka. "Kushoto ubavu wa mashetani huo."

"Mama, nakuheshimu, ila toa mkono."

"Humsikii mwanao?"

"Mwangalie mdomo!"

Bi Shamimu akaangalia. Akakaa chini, puu.

Sauti ikalia, ikabembeleza, ikaimba kawimbo ka chekechea, ikapanda ukutani ikaja mpaka sikioni kwa Mwasiti, ya baridi kama bati la asubuhi mwezi wa saba, na kitu kisichoonekana kikajipenyeza chini ya bega la mtoto kikaanza kumwinua, taratibu, kumpeleka kulia, na Mwasiti akapanda kitandani na viatu vyake, akajibana mgongoni kwa mwanae kama kabari, anatukana.

"Fala wewe! Miaka sita anapambana na moyo mbovu, we unakuja kumwibia pumzi? Kamgeuze mama yako! Toka, mshenzi!"

Kitanda kikatulia.

Sekela akarudi na damu. Alasiri Nadhira akakohoa, likatoka kohozi jeupe. Gari la kumpeleka hospitali ya Mbeya likawa tayari.

Machela imefika mlangoni, Mwasiti akasikia nyuma yake:

"Baba, nigeuze."

Dominiko alikuwa kasinzia kwenye kiti. Akanyanyuka, macho hayajafunguka vizuri.

"Dominiko! Usimguse! Mwangalie mdomo!"

Harufu ya misumari ikajaa wodi nzima.

"Tulia, dada," Dominiko akasema, anavuta shuka. "Nishamgeuza. Ona, kanyamaza."