Kambare Walioelekea Mlangoni

Watiri alitoka nje kuanua nepi. Hilo tu. Nepi nne na blanketi, zilizokuwa zimetundikwa kwenye seng'enge nyuma ya nyumba, na jua lilikuwa likizama, mbu wameanza, mtoto amelala kitandani. Alisema atarudi kabla hajageuka upande wa pili.

Mvua ya Aprili mwaka ule wa sabini na saba ilikuwa imeujaza mto hadi ukatapika. Maji yalifunika mpunga wote wa Mwea upande ule, yakaruka mfereji, yakaja kutulia uani kwake, yakimfika kwenye kifundo cha mguu. Mumewe, Kingori, alikuwa amekwama Karatina siku ya tatu kwa sababu daraja halikuonekana.

Nyasi zikatikisika.

Watiri akaruka. Khavere, mke wa polisi, aliyekuwa akipita na kikapu chake kiunoni, akacheka mpaka akashika nguzo. Alikuwa mtu wa Magharibi mwa nchi, na ndiye rafiki pekee aliyekuwa naye Watiri tangu aolewe huku.

"Ni kambare, Mama Waithira. Nyinyi watu wa mlima, samaki akikohoa mnahama."

"Kwetu samaki ni ndugu ya nyoka."

"Basi mpikie Kingori huyo nyoka, labda atanenepa."

Kisha akamweleza, kama mtu anavyomweleza mtoto. Mto ukifurika, kambare hawakai mtoni. Hupanda hadi kwenye nyasi zilizofunikwa, maji yaliko vuguvugu, wakataga mayai. Maji yakitaka kushuka, wao hujua kabla ya mtu yeyote, wakarudi mbio. Anayechelewa hukauka.

"Na ukitaka kujua maji yanatoka wapi, tazama kichwa cha samaki. Hulala akielekea yanakotoka."

Akaenda zake kuelekea mfereji.

Watiri akainama, akatazama. Walikuwa wengi. Ishirini, pengine thelathini, weusi, na ndevu zao zikicheza polepole. Wote wametazama upande mmoja.

Si upande wa mto.

Upande wa mlango wake.

Alisimama na nepi kifuani. Alikuwa amesoma hadi kidato cha nne, alijua kila jambo lina sababu yake, akaitafuta hiyo sababu haraka haraka, akaikosa. Kisha akaisikia miguuni. Maji yaliyokuwa yametulia tangu asubuhi yalikuwa yakitembea. Baridi... baridi ya kuuma mfupa. Yalikuwa yakitoka chini ya mlango.

Alikimbia.

Ndani kulinuka matope ya mtoni. Mwanamke mzee alikuwa ameketi kitandani, amempa mgongo. Maji yalimtiririka kutoka kwenye pindo la nguo, yakienda, yakienda, wala hayakuisha. Mtoto alikuwa mapajani mwake. Halii. Kulikuwa na sauti moja tu chumbani, sauti ambayo kila mama anaijua.

Mtoto alikuwa akinyonya.

"Mnamwita nani?" mzee akanong'ona, bila kugeuka.

Watiri alilelewa kwamba mkubwa akiuliza hujibiwa. "Waithira."

"Hilo ni langu."

Ndipo Watiri alipomjua. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na mama ya Kingori alichukuliwa na maji kwenye mvua kubwa ya kabla ya Uhuru. Hapo hapo ambapo baadaye walijenga nyumba hii. Mwili haukuonekana.

"Mtu akipata wajina huitwa, aje amwone, ambariki," mzee akasema. "Mimi sikuitwa. Nimekuja mwenyewe. Maji yakishuka, naondoka naye."

Nje, kwa mbali, Khavere akapaza sauti. "Mama Waithira, njoo uone. Kambare wanageuka. Maji yanashuka."

Mzee akainuka, mtoto mikononi.

"Maitu," Watiri akamwita, kama mke anavyomwita mama mkwe, na maneno yakamtoka kwa pamoja, hata hakuyapanga. "Maitu, nimekudanganya, huyo si Waithira, nilimpa jina la rafiki yangu. Anaitwa Khavere."

Mzee akamtazama mtoto usoni.

"Umempa mtoto wa Kingori jina la mgeni?"

"Ndiyo."

"Na mwenye jina yuko wapi?"

Watiri hakufikiri. Alimtazama mtoto tu. "Yuko nje. Kwenye mfereji."

Mzee akamlaza mtoto kitandani, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

"Nimemnyonyesha bure," akasema.

Watiri akafumba macho mzee alipokuwa akipita. Baridi ikamgusa bega, ikaondoka. Kisha, kule nje, akasikia nyasi zote zikilala kwa mara moja, na vitu vingi vikiteleza pamoja kuelekea mtoni.

"Mama Wai..."

Sauti ikakatika hapo.

Asubuhi ua ulikuwa matope matupu. Walikiona kikapu cha Khavere kando ya mfereji, kambare ndani yake wangali wanapumua. Polisi walisema aliteleza, kwamba maji yakishuka huvuta kuliko yakipanda. Labda. Mumewe alimtafuta siku tisa. Mtoto alikataa ziwa la mama yake siku mbili, kama mtu aliyeshiba, na kinywa chake kilinuka matope.

Kingori aliporudi, Watiri alimwambia yote kwa pumzi moja. "Ulikuwa na homa," Kingori akasema. Lakini hakumtazama usoni.

Mwezi uliofuata walimpeleka mtoto kanisani kubatizwa. Watu walijaa. Mchungaji akachota maji kwa kiganja.

"Taja jina la mtoto huyu."

Kingori akamgeukia mkewe. Watiri akafungua mdomo. Akitaja Waithira, mzee angesikia. Na Khavere, huko aliko sasa, naye angesikia. Akapitia jina la mama yake, la dada yake, la shangazi zake, majina yote aliyowahi kuyajua. Kila moja lilikuwa na mwenyewe.

Maji yalidondoka kutoka kiganjani mwa mchungaji. Tone... tone...

"Jina, mama," akasema kwa upole.

Watiri akamkaza mtoto kifuani, akafunga mdomo.